Ukipelekwa India, Usikae Hosteli

Kila tangazo la nafasi za muhula mmoja India likibandikwa pale ubaoni, maswali huwa yaleyale. Posho shilingi ngapi? Tiketi analipa nani? Matokeo yatahamishwa au tutarudia masomo? Ni maswali ya haki, hata mimi niliyauliza, maana bumu letu tunalijua. Lakini sijamsikia mtu akiuliza: huo mji tunaopelekwa ni mji gani? Ndiyo maana wengi wanarudi na vyeti vizuri, picha tatu za Taj Mahal waliyoifuata kwa treni usiku kucha, na maneno matatu ya kueleza nchi ya watu zaidi ya bilioni moja: joto, pilipili, uchafu.

Mimi nilikaa Ahmedabad, katika jimbo la Gujarat, kuanzia Julai hadi mwisho wa Novemba. Nasoma ualimu, na masomo yangu ya kufundishia ni Historia na Kiswahili. Ninachotaka kusema ni hiki: chuo kikimtuma mwanafunzi katika mji kama ule, kisha mwanafunzi huyo akaishi kati ya hosteli, darasa na duka kubwa lenye kiyoyozi, chuo kimetupa hela. Kwetu sisi wa ualimu hasara ni kubwa zaidi. Mwakani au mwaka unaofuata tutasimama mbele ya watoto themanini kuwafundisha biashara ya Bahari ya Hindi, na tutawafundisha kwa hicho hicho tulicho nacho kichwani.

Tuanze na mto. Ahmedabad imegawanywa na mto Sabarmati. Magharibi ndiko kwenye vyuo vingi, hosteli, barabara pana na maduka ya ghorofa. Mashariki ndiko uliko mji mkongwe, ulioanzishwa na Sultani Ahmad Shah mwaka 1411. Kati ya pande hizo kuna madaraja, na nauli ya basi haifiki bei ya soda. Lakini nilikutana na Waafrika wenzangu wa nchi mbalimbali, wengine mwaka wa pili pale, ambao upande wa mashariki waliufika siku moja tu: siku waliposhuka treni kituo cha Kalupur wakiwa na mabegi yao.

Huo mji mkongwe ndio ulioifanya UNESCO, mwaka 2017, kuitangaza Ahmedabad kuwa Mji wa Urithi wa Dunia, wa kwanza India nzima. Usitarajie jengo moja kubwa la kupigia picha ukamaliza kazi. Utajiri wake upo kwenye mitaa midogo inayoitwa pol. Pol ni uchochoro wenye lango lake, nyumba zenye mbao za kuchongwa zimebanana mpaka jirani anaweza kumpa jirani chumvi dirishani, na mara nyingi ukifika mwisho hakuna pa kutokea, unarudi ulikotoka. Tangu zamani pol ilikuwa ya watu wa kazi moja, ukoo mmoja au dini moja. Katikati utakuta nguzo iliyochongwa, juu yake kama kibanda, ambapo wakazi huwawekea ndege nafaka na maji. Naomba mniamini, ndege wana nyumba yao rasmi. Na chini ya nyumba nyingi za zamani kuna tangi la kukingia maji ya mvua kutoka paani, lililojengwa kabla mabomba hayajafika. Nilipoonyeshwa la kwanza niliwaza hosteli zetu hapa: masika maji yanamwagika bure paani, wiki mbili baadaye tunapanga foleni na ndoo.

Aliyewahi kutembea Mji Mkongwe wa Zanzibar anaweza kupotea njia kule, lakini hatajiona mgeni kabisa. Baraza za watu kukaa zipo. Milango ya kuchongwa ipo, na hii si bahati nasibu: pale Unguja kuna aina ya mlango unaoitwa wa Kigujarati, ule wenye vipande vya mraba mraba. Tumezoea kuonyesha milango ile watalii na kusema ni urithi wa Mwarabu. Ingekuwa vizuri mwalimu wa historia awe ameona upande wa pili wa bahari kabla ya kuwaambia watoto mlango ule ni wa nani.

Kuna matembezi ya asubuhi yaliyoanzishwa na manispaa ya mji mwaka 1997. Yanaanzia hekalu la Swaminarayan pale Kalupur na kuishia Msikiti wa Ijumaa, wa mwaka 1424, wenye nguzo 260 ndani na minara iliyoanguka katika tetemeko la ardhi la 1819. Yaani njia moja ya asubuhi inakutoa hekaluni na kukufikisha msikitini. Yafanye mara moja ujue ramani. Kisha urudi na mwenzako, bila kiongozi, mkiwa na muda wa kukaa. Kisima cha ngazi cha Adalaj, nje kidogo ya mji, nacho kizuri sana, ghorofa tano kwenda chini ardhini, lakini picha zake zimejaa kila mahali kwa hiyo sitapoteza wino.

Nilichokuwa sijaandaliwa nacho ni masikio. Unakaa kwenye basi, abiria wanaongea Kigujarati, huelewi kitu, halafu ghafla: gari, ingawa wao wanaitamka kama gadi. Pesa. Bima. Rangi. Dobi. Laki, tena laki ileile ya 100,000. Kachumbari na bajia sizihesabu, hizo mnazijua. Mengine hayakuwa ya kwao wala ya kwetu: hesabu, duka na dunia yalitoka Uarabuni na Uajemi yakasambaa pande zote za bahari. Unaanza kuelewa kwamba Kiswahili hakikuazima maneno kwenye kamusi. Kiliyaazima kwenye kaunta ya duka, gatini, na kwenye foleni ya kupima nafaka.

Neno lililonisimamisha ni vepari. Kwa Kigujarati ni mfanyabiashara, basi, mtu wa kununua na kuuza. Watu hujitambulisha kwalo bila aibu yoyote. Sisi tulilipokea, tukalitamka bepari, kisha tukalitia siasa. Tangu Azimio la Arusha mwaka 1967 mtoto wa Tanzania amekua akijua bepari ni mnyonyaji na ubepari ni unyama. Neno moja, bahari moja, na hukumu mbili tofauti. Hicho ni kipindi kizima cha dakika 40, na hakipo kwenye andalio la somo la mtu yeyote ninayemfahamu.

Na ukitaka kuchekesha watu sokoni, eleza undugu. Kwa Kigujarati mama ni mjomba, kaka ni ndugu wa kiume wa baba, na dada ni babu mzaa baba. Siku moja, kupitia mwenzangu wa darasani aliyekuwa akinitafsiria, nilimweleza mama mmoja muuza mboga kwamba kwetu dada ni msichana kama mimi. Aliwaita wenzake watatu waje wasikie. Wao mwanamke humwita kwa jina lake na kuongeza ben, yaani dada. Basi tangu siku ile nikawa Dadaben. Babu Dada! Nilikuwa nikipita na mfuko wangu wa nyanya soko zima linaniita babu. (Bajaji nazo zimejaa, za kijani na njano, lakini ukiita "bajaji" hakuna anayesimama. Kwao ni riksha. Jina la kampuni tumelifanya neno sisi.)

Soko lenyewe lilikuwa eneo la Manek Chowk, na hapo inafaa tukae kidogo. Mchana kutwa Manek Chowk ni soko la dhahabu na vito, watu wanakaa chini wakipima vipande vidogo kuliko punje ya mtama. Jioni maduka yakishafunga, eneo lilelile linageuka kuwa la chakula, meza na majiko yanatoka sijui wapi, na mpaka usiku wa manane watu wanakula kama Forodhani. Kuzunguka hapo wamejaa wanawake wanaouza mboga, vyombo na nguo kuukuu, wengine tangu bibi zao. Ni katika mji huohuo ambapo Ela Bhatt alianzisha SEWA mwaka 1972, chama cha wanawake waliojiajiri wenyewe: wachuuzi, wabeba mizigo, washonaji wa nyumbani. Mabenki yalikuwa hayawataki kwa sababu hawakujua kusoma na hawakuwa na dhamana. Basi mwaka 1974 wanawake 4,000 walichanga rupia kumi kumi wakafungua benki yao wenyewe. Sisi tunasoma maendeleo ya jamii kwa kukariri tafsiri za wataalamu, na huku dirishani mgambo anamwaga sufuria la mama ntilie. Sioni kwa nini mtu aende Ahmedabad miezi mitano asikae hata saa moja na wanawake wale akawauliza walifanyaje.

Ilikuwa karibu na soko hilo, ndani ya pol moja, ambapo mzee mmoja aliyekuwa amekaa barazani alinitazama nikipita mara ya kwanza, mara ya pili, na mara ya tatu akasema kwa Kiswahili, "Mwanangu, watoka wapi?"

Nilisimama kama nimeguswa na umeme. Nikamwambia shikamoo. Akaitikia marahaba ndefu ya kuvuta, marahaba ya watu wa pwani. Alizaliwa Tanga, duka la baba yake lilikuwa Ngamiani. Familia iliondoka baada ya sheria ya mwaka 1971 ya kutaifisha majengo, yeye akiwa kijana wa umri wangu. Hajarudi tena. Aliniuliza kama barabara za Ngamiani bado zinaitwa kwa namba. Kama mkonge bado unalimwa. Kama vijana bado wanaogelea Raskazone. Siasa hakugusa. Kiswahili chake kimebaki palepale kilipokatika: anasema motokaa, anasema senti, na simu ya mkononi hana neno lake, anaiita "hiki kidude". Aliponiuliza hali nikajibu "niko poa, babu", akaniangalia kwa huruma. "Umepoa? Unaumwa?"

Kwenye vitabu vyetu vya historia mzee yule ni sentensi moja: Wahindi walikuwa wafanyabiashara wa kati. Sentensi si ya uongo. Wakoloni waliipanga jamii kwa ngazi na ngazi ya Mhindi waliiweka juu ya ngazi ya babu zangu, na wapo wazee wetu wanaokumbuka vizuri walivyodharauliwa mbele ya kaunta. Hilo lifundishwe, tena bila kupunguza. Lakini mwalimu mwenye sentensi hiyo peke yake hana jibu mtoto akiuliza mtu yule alikwenda wapi, na alihisi nini kuacha mtaa aliozaliwa. "Baniani mbaya, kiatu chake dawa," tunasema huku tukicheka. Sijui kama ningeweza kuitamka pale barazani huku mkewe ananimiminia chai.

Sasa nije kwenye dirisha, maana bila hilo sikuwa na sababu ya kuandika. Karibu na ngome ya zamani ya Bhadra, kando ya barabara yenye makelele ya honi, kuna msikiti mdogo unaoitwa wa Sidi Saiyyed. Ulijengwa mwaka 1572 hadi 1573, wakati usultani wa Gujarat ukiwa unaangukia mikononi mwa Akbar. Ukuta wake wa nyuma una madirisha ya jiwe lililotobolewa, na moja limechongwa mti ambao matawi yake yanajikunja na kusokotana mpaka yanajaza upinde mzima, mwembamba kama ushonaji wa kofia ya vito. Ni jiwe, si mbao wala kitambaa. Ukisimama ndani alasiri, jua linapita kwenye majani yale na kudondoka sakafuni vipande vipande.

Dirisha lile ndilo sura ya mji. Utaliona kwenye zawadi za wageni na kwenye mabango, na nembo ya chuo chao maarufu cha usimamizi, IIM Ahmedabad, imetokana nalo. Na aliyeujengesha msikiti, huyo Sidi Saiyyed, alikuwa Mhabeshi. Mwafrika.

Sidi ni jina wanaloitwa Wahindi wenye asili ya Afrika. Wengi wa wazee wao walipelekwa kama watumwa, wengine walikwenda kama askari na mabaharia, na baadhi walipanda mpaka wakawa majemadari wenye kuogopwa. Wazao wao wapo Gujarat mpaka leo kwa maelfu. Wanazungumza Kigujarati, wengi ni Waislamu, na huzuru kaburi la Bava Gor upande wa Bharuch. Ngoma yao wanaiita goma. Goma! Mtu wa Kiswahili haitaji mkalimani kujua ni herufi gani imeanguka baharini. Niliwaona wakicheza usiku mmoja: manyoya ya tausi kiunoni, ngoma zinapigwa kwa kiganja, na mchezaji anarusha nazi juu sana kisha anaipokea kwa kichwa ipasuke. Mwenzangu wa darasani, mzaliwa wa mji huohuo, aliniuliza wale ni wageni kutoka nchi gani. Nikamwambia ni wa jimbo lako.

Hapo ndipo kichekesho kinapouma. Mji uliochukua dirisha la Mwafrika ukalifanya sura yake, ndani yake watu waliniuliza kama kwetu kuna majengo. Wapo wenye nyumba ambao wakisikia mpangaji ni Mwafrika, chumba kinakuwa kimeshachukuliwa. Mlinzi wa geti moja aliwapitisha wenzangu wote wanne wa Kihindi akanisimamisha mimi, kitambulisho chetu kikiwa kilekile. Watu wanaomba kupiga picha na wewe kana kwamba wewe ni twiga, na wengine hata hawaombi. Kuna neno la mweusi nililokuwa naitwa barabarani, na sauti yake ilikuwa haihitaji tafsiri. Siwezi kuwaambia wenzangu "tembeeni mji" halafu nikafunika hayo. Ukweli ni kwamba wengi wanaojifungia hosteli si wavivu. Wamechoka kuangaliwa.

Ila nami nilihesabu. Ukipita pol mara ya kwanza wewe ni kioja. Mara ya tano ni yule dada wa Tanzania. Mara ya kumi unadaiwa salamu, na usipoonekana wiki moja wanauliza ulikuwa unaumwa. Yule anayekaa hosteli anabaki kwenye mara ya kwanza muhula mzima, na mji nao unabaki na picha yake ileile ya Mwafrika ambayo haijawahi kusimama kununua nyanya. Oktoba ilipofika, siku tisa za Navratri, mtaa mzima unacheza garba usiku kwa kuzunguka, mabinti wamevaa sketi zenye vioo vidogo vidogo, wazee wamekaa pembeni. UNESCO iliiweka garba kwenye urithi wake mwaka 2023. Aliyenivuta mkono niingie kwenye mduara ni yule mama wa mboga. Hatua nilizishika haraka kuliko walivyotegemea, maana kuzunguka kwa kupiga makofi si kitu cha kunifundisha mimi.

Kutembea kutakuonyesha pia yasiyowekwa kwenye kipeperushi. Mwaka 2002 ghasia za kidini Gujarat ziliua zaidi ya watu 1,000, wengi wao Waislamu, na Ahmedabad iliumia sana. Mpaka leo kuna mitaa ambayo kila mtu anajua ni ya dini gani, na niliwaona vijana wa umri wangu ambao hawajawahi kuingia kwenye nyumba ya mwenzao wa dini nyingine. Mimi nimekulia mtaa ambao Idi na Krismasi ni sahani zinazopita ukutani kwa jirani. Nilipoliona lile ndipo nilipoacha kuiona sahani ile kama kitu cha kawaida tu.

Halafu kuna Gandhi, na kwa mwanafunzi wa ualimu hakwepeki. Kituo chake cha Sabarmati, alichoishi tangu 1917, kipo ukingoni mwa mto huohuo. Kutoka hapo, tarehe 12 Machi 1930, yeye na wafuasi 78 walianza kutembea kwa miguu kuelekea Dandi, baharini, kwenda kuokota chumvi kupinga kodi ya Mwingereza. Mwaka 1920 alikuwa ameanzisha mjini humo chuo cha Gujarat Vidyapith, na mwaka 1937 akapendekeza elimu ya msingi inayofundishwa kwa lugha ya mama na kuzunguka kazi ya mikono. Soma Elimu ya Kujitegemea ya Mwalimu Nyerere ya 1967 ukiwa umekaa pale kwenye benchi, utasikia mazungumzo ya watu wawili. Tena beba na lile lingine: maandishi ya Gandhi ya miaka yake ya mwanzo Afrika Kusini yana maneno ya dharau juu ya Waafrika, na ndiyo sababu sanamu yake iliondolewa Chuo Kikuu cha Ghana Desemba 2018. Mwalimu mzuri ataingia darasani na yote mawili, awaachie watoto wabishane.

Najua jibu lililo tayari: tulikwenda kusoma, si kutalii. Sawa. Mimi nilisoma pia, matokeo yangu yapo idarani, anayetaka aende akaangalie. Jumamosi na Jumapili kwa miezi mitano ni kama siku arobaini. Chai ya barabarani ni rupia kumi, kama shilingi 300 zetu. Hakuna bumu litakalokwama hapo.

Tatizo ni maandalizi. Kikao chetu cha kuagwa kilichukua saa tatu: viza, chanjo, bima, maadili ya mwanachuo anapokuwa nje, basi. Serikali ya wanafunzi ina nafasi mbili kwenye kamati inayopanga vikao hivyo na sijaona ikizitumia. Ninachoomba si kikubwa. Wanaochaguliwa wapewe wiki nane za Kigujarati, au lugha yoyote ya mji wanaokwenda, na walimu wasitafutwe mbali, wapo hapahapa mjini. Nyuma ya soko kuna familia zinazoongea Kigujarati nyumbani tangu kabla ya uhuru. Ninajua baadhi yenu mtasema hao Wahindi hawatakubali. Je, tumewahi kuwauliza? Tuna wenzetu madarasani ambao baba zao na babu zao wamezaliwa nchi hii, na mpaka mwaka wa tatu bado tunawaita "wale Wahindi" na kuwauliza kwao ni wapi. Yale niliyoulizwa mimi getini, wao wanaulizwa kwenye kimbweta, na wao hawana Novemba ya kupanda ndege warudi kwao, kwa sababu wako kwao.

Pia idara ya elimu ihesabu kazi ya mtaani kama sehemu ya muhula: ripoti moja, andalio moja la somo lililotokana na mji wenyewe, lenye alama. Bila alama hatufanyi kitu, tusidanganyane. Na wanafunzi wa kike wasipelekwe mmoja mmoja. Wapelekwe wawili wawili, maana mchana nilitembea popote peke yangu lakini usiku, ukiacha zile siku za Navratri, nilihitaji mwenzangu.

Kundi lijalo linaondoka Julai. Kwenye ofisi ya Waziri wa Elimu wa serikali ya wanafunzi, droo ya chini, nimeacha daftari la kurasa 96. Lina ramani ya mji mkongwe niliyoichora kwa mkono, namba za mabasi ya kuvuka mto, maneno 140 ya Kigujarati kwa matamshi yetu, na maelekezo ya kufika baraza la mzee wa Tanga. Atakayekwenda ampelekee picha ya Raskazone, nilimwahidi. Na ashike shikamoo mdomoni kabla hajakata kona.